Idi Amin kabla ya madaraka: bondia na mchezaji wa raga wa kambi ya Jinja

Katika mji wa Jinja, pale maji ya Ziwa Victoria yanapoanza safari ndefu ya Mto Nile, jina la Idi Amin Dada lilijulikana kwanza kwa michezo wala si kwa siasa. Katika miaka ya 1950 askari huyu wa jeshi la King's African Rifles, lililofahamika kwa kifupi kama KAR, alikuwa bingwa wa ndondi wa Uganda miongoni mwa mabondia wazito. Alicheza pia raga katika safu ya mbele, bega kwa bega na maofisa Waingereza waliokuwa wakubwa wake kazini.

Mambo aliyoyafanya baadaye yanajulikana kote duniani. Alitwaa serikali kwa mtutu wa bunduki tarehe 25 Januari 1971, akatawala hadi Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, na idadi ya watu waliouawa katika utawala wake hukadiriwa kuwa kati ya 80,000 na 300,000. Wapo wanaoitaja idadi kubwa zaidi ya hiyo.

Hata hivyo, swali la namna mtu mwenye elimu ndogo alivyopanda kutoka jikoni mwa kambi hadi ukuu wa jeshi haliwezi kujibiwa bila kupita uwanjani. Michezo ndiyo iliyomtoa Amin katika kundi la maelfu ya askari wenzake na kumweka machoni pa wakubwa. Michezo hiyohiyo ndiyo iliyowafanya wakubwa hao wadhani kwamba wanamfahamu.

Kijana wa Nile Magharibi

Kwa upande wa baba, Amin alikuwa Mkakwa, kabila linaloishi katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda na kuvuka mipaka ya Kongo na Sudan Kusini. Mama yake alikuwa Mlugbara. Wazazi walitengana angali mdogo, akalelewa na mama. Shule alisoma kidogo tu, akakulia katika dini ya Kiislamu.

Mwaka 1946 aliandikishwa katika KAR, jeshi la Waingereza katika Afrika Mashariki, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kumsaidia mpishi. Uandikishaji wa wakati ule ulikuwa na upendeleo wake. Wakoloni walitafuta askari hasa katika mikoa ya kaskazini, wakiamini kwamba watu wa huko, wengi wao wakiwa warefu na wenye nguvu, walizaliwa wapiganaji. Elimu haikuwa sharti. Askari aliyesoma sana alitazamwa hata kwa shaka, maana aliweza kuuliza maswali. Amin, mwenye urefu wa sentimita 193 hivi na mwili uliojengeka, alikuwa mfano kamili wa askari waliyemtaka.

Batalioni ya nne ya KAR, iliyokuwa ya Uganda, ilikuwa na makao yake Jinja. Lugha ya jeshi hilo ilikuwa Kiswahili. Kwa Kiswahili askari aliamrishwa kwenye gwaride, kwa Kiswahili alifundishwa bunduki, na kwa Kiswahili Mkakwa alizungumza na Mwacholi, Mteso na Mkamba. Ndiyo lugha aliyoijua Amin katika maisha yake ya utu uzima kuliko Kiingereza, nayo ilikuwa lugha ya mazoezi na ya ulingo.

Si muda wake wote aliupitisha Jinja. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alitumikia Kenya, na hali ya hatari ilipotangazwa nchini humo mwaka 1952, alikuwa miongoni mwa askari waliopelekwa kupambana na wapiganaji wa Mau Mau. Hata hivyo, Jinja ndiyo iliyobaki kuwa nyumba yake ya kijeshi, na huko ndiko alikojipatia jina.

Bingwa wa ulingo

Jinja ya miaka ya 1950 ilikuwa mji unaokua kwa kasi. Bwawa la umeme la Owen Falls lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954, viwanda vikafuata umeme, na wafanyakazi wakamiminika kutoka Busoga, Bugisu, Teso, Kenya na kwingineko. Huko Kakira familia ya Madhvani ilikuwa na mashamba makubwa ya miwa na kiwanda cha sukari. Maduka ya mjini yalikuwa mikononi mwa Wahindi, na ofisi za juu zilikuwa za Wazungu.

Michezo nayo iligawanywa kwa rangi. Wahindi walikuwa na kriketi na magongo, Wazungu walikuwa na raga, gofu na tenisi, na Waafrika walikuwa na kandanda. Ndondi ilikuwa na nafasi ya pekee kwa kuwa jeshi liliikumbatia. Makamanda waliamini kwamba ulingo humfundisha askari kustahimili maumivu, kutii mwamuzi na kuipenda kombania yake. Mashindano yalifanywa ndani ya kambi, kisha baina ya vikosi, na hodari wakapelekwa kwenye ubingwa wa nchi.

Hapo ndipo Amin alipong'ara. Mwaka 1951 alitwaa ubingwa wa Uganda katika daraja linalofuata lile la uzito wa juu kabisa, na hadi mwaka 1960 hesabu za ndondi ziliendelea kumtaja kuwa bingwa. Ni kipindi kirefu kwa mchezo ambao pigo moja hutosha kumvua mtu taji. Katika kambi, askari wa kawaida aliyekuwa bingwa wa nchi alikuwa mtu mkubwa. Wenzake walijivunia kuwa naye, na maofisa walimjua kwa jina, jambo ambalo askari wengi hawakulipata katika utumishi wao wote.

Lakini ubingwa huo unapaswa kupimwa kwa kipimo chake. Uganda haijawahi kuwa na mabondia wazito wengi. Sifa yake katika ndondi imejengwa na watu wa uzito mdogo na wa kati: Leo Rwabwogo na Eridadi Mukwanga, walioleta medali za kwanza za Olimpiki kutoka Mexico mwaka 1968, na Ayub Kalule, aliyekuwa bingwa wa dunia wa ridhaa huko Havana mwaka 1974 na baadaye bingwa wa dunia wa kulipwa. Katika madaraja ya Amin wapinzani walikuwa wachache, na mwenye urefu na uzito wake alianza kila pambano akiwa na faida.

Tena taji lake lilikuwa la nyumbani tu. Uganda ilipeleka wanamichezo katika michezo ya nchi za himaya ya Uingereza huko Vancouver mwaka 1954, ambako Patrick Etolu, mwana wa Teso, alipata medali ya fedha katika kuruka juu. Mwaka 1956 Uganda ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza huko Melbourne. Katika safari hizo Amin hakuwamo. Mwaka 1960, mwaka ambao enzi yake ya ulingo ilifikia mwisho, bondia mwingine wa Uganda, Francis Nyangweso, alipigana katika Olimpiki ya Roma. Nyangweso alikuja kushika vyeo vya juu vya jeshi chini ya Amin, na baada ya hapo akawa kiongozi wa michezo wa kimataifa na mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Kwa rekodi ya kimataifa, mwanajeshi aliyefika mbali kwa ndondi ni Nyangweso, si Amin.

Katika safu ya mbele

Raga ilikuwa habari nyingine. Ulikuwa mchezo wa Wazungu, ulioletwa na maofisa, mahakimu na mainjinia waliousoma katika shule zao za Uingereza. Jinja ilikuwa na klabu yake ya Nile, na Amin aliichezea katika miaka ya 1950, akiwa mmoja wa Waafrika wachache sana waliougusa mchezo huo nchini.

Timu ya raga ina wachezaji 15. Saba kati yao ni wa nyuma, wenye kasi, wanaokimbia na mpira na kufunga. Wanane ni wa mbele, na kazi yao haina sifa nyingi machoni pa mtazamaji. Wao ndio wanaoinama na kushikamana mabega kuwasukuma wapinzani, wanaorukia mpira unaporushwa kutoka pembeni, na wanaoingia katika rundo la miili kuutoa mpira chini. Wanahitaji uzito, mgongo wenye nguvu na moyo wa kurudia jambo lilelile hadi filimbi ya mwisho. Mwili wa Amin ulikuwa umeumbwa kwa kazi hiyo.

Kwa dakika 80 za mchezo askari huyu alikuwa sawa na watu waliomwamrisha wiki nzima. Aliwasukuma, akawaangusha, nao wakampongeza kwa kufanya hivyo. Filimbi ikishalia, kila mtu alirudi mahali pake. Vilabu vya Wazungu vya zama hizo havikuwa mahali ambapo askari Mwafrika angeketi na kunywa kama mwenzao. Amin aliyaona hayo kwa macho yake, na alipokuwa rais alifurahia kuwadhalilisha Waingereza hadharani, mpaka kuwafanya baadhi yao wambebe kwenye kiti mabegani mbele ya wapiga picha.

Kutokana na raga imezuka hadithi moja ambayo haifi. Husemwa kwamba mwaka 1955 Amin alikuwa mchezaji wa akiba wa timu ya Afrika Mashariki ilipocheza mjini Nairobi na timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland, maarufu kama Lions, iliyokuwa ikirejea kutoka ziara ya Afrika Kusini. Mchezo huo ulikuwepo kweli, na Lions walishinda kwa pointi 39 dhidi ya 12. Lakini Amin hayumo katika picha ya timu, na wakati huo sheria za raga hazikuruhusu wachezaji wa akiba. Ruhusa hiyo ilikuja mwaka 1968. Mtu hawezi kukaa kwenye benchi ambalo halipo.

Hata hivyo hadithi imeendelea kusimuliwa katika vitabu na vilabu vya raga vya Ulaya, kwa kuwa inafurahisha kudhani kwamba mtawala wa kutisha aliwahi kuwa karibu hivyo. Ndivyo ilivyo kwa mengi yanayosimuliwa kumhusu. Ukweli mdogo hufunikwa na uvumi mkubwa, na mtu mwenyewe alipopata nafasi aliukoleza uvumi huo kwa mikono yake.

Kipimo cha wakubwa

Uhuru ulipokaribia, Waingereza walijikuta na tatizo walilolitengeneza wenyewe. Kwa miongo mingi hawakuwa wamemfanya Mganda hata mmoja kuwa ofisa kamili. Sasa nchi ilikuwa ikienda kujitawala, na jeshi lilihitaji viongozi wake. Vijana waliosoma Makerere au shule kubwa za misheni hawakuwa jeshini. Waliokuwamo ni masajini wa zamani, wengi wao wakiwa na elimu ndogo.

Mwaka 1959 Amin alipewa cheo cha efendi, kilichokuwa cha juu kuliko vyote ambavyo Mwafrika aliweza kupata katika KAR. Mwaka 1961 akafanywa luteni. Yeye na Shaban Opolot walikuwa Waganda wa kwanza wawili kupewa uofisa kamili.

Wakubwa wake hawakuwa vipofu. Walijua kwamba kusoma na kuandika kulimtaabisha, na kwamba mitihani ya kijeshi ilimshinda. Lakini walikuwa na kipimo kingine walichokiamini zaidi, nacho kilitoka uwanjani. Walimwona mtu mchangamfu, mwenye nguvu, asiyelalamika, anayepokea amri na kuitimiza, anayepigana hadi mwisho na kisha kucheka. Katika utamaduni wao, mtu mwenye sifa hizo uwanjani alihesabiwa kuwa mtu mwema hata nje ya uwanja. Waliona mwili wake ulivyofanya kazi ndani ya mistari ya chokaa, palipokuwa na mwamuzi, muda na sheria. Hawakujiuliza vya kutosha atakuwaje mahali pasipo na mwamuzi.

Jibu lilianza kuonekana mapema. Mwaka 1962, miezi michache kabla ya uhuru, kikosi kilichoongozwa na Amin kilipelekwa kwenye mpaka wa Karamoja na Turkana kuzuia wizi wa mifugo. Baada ya operesheni hiyo ilipatikana miili ya wafugaji wa Kiturkana, na uchunguzi ukaonyesha kwamba watu waliteswa na kuuawa. Gavana wa mwisho wa Uganda, Walter Coutts, alilipeleka suala hilo kwa Waziri Mkuu Milton Obote. Nchi ilikuwa karibu kujitawala, na kumfikisha mahakamani mmoja wa maofisa wawili wa kwanza wa Kiafrika lilikuwa jambo zito kisiasa. Amin alipewa onyo, mambo yakaisha hapo.

Kwa lugha ya mchezo, alikuwa amecheza rafu mbaya kabisa, na waliokuwa na filimbi waliamua kutoipuliza. Waturkana waliouawa hawakuwa na wa kuwasemea katika ofisi za Entebbe. Miezi michache baadaye, tarehe 9 Oktoba 1962, Uganda ilipata uhuru, na batalioni ya Jinja ikawa msingi wa jeshi jipya la taifa.

Mnamo Januari 1964, siku chache baada ya mapinduzi ya Zanzibar na maasi ya askari wa Tanganyika, askari wa kambi ya Jinja nao waliasi. Walidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza, wakamzuia waziri Felix Onama aliyekwenda kuzungumza nao. Serikali ya Obote iliita majeshi ya Uingereza kutuliza hali, lakini madai ya mishahara yalikubaliwa. Amin, aliyefahamika na kupendwa na askari wa ngazi za chini, alipandishwa cheo na kukabidhiwa uongozi wa batalioni hiyohiyo ya Jinja. Mwaka 1966 aliongoza mashambulizi dhidi ya ikulu ya Kabaka huko Mengo, na Opolot akawekwa kando. Baada ya miaka mitano, ilikuwa zamu ya Obote mwenyewe kuondolewa.

Mshindani asiye na mpinzani

Akiwa rais, Amin hakuacha michezo, ila michezo iliacha kuwa michezo. Aliogelea, alicheza mpira wa kikapu, aliendesha magari katika mashindano, na kila mara kamera zilikuwapo. Katika filamu ya mwaka 1974 iliyotengenezwa na Barbet Schroeder, anaonekana akishindana kuogelea na watu wake, na hakuna anayethubutu kumtangulia. Mtu aliyewahi kulitetea taji lake dhidi ya wapinzani wa kweli sasa alishindana na watu ambao kumshinda kungeweza kuwagharimu maisha.

Wapenzi wa michezo nchini Uganda hukumbuka kwamba miaka hiyo ilikuwa na mafanikio makubwa. Ni kweli. Tarehe 2 Septemba 1972 John Akii-Bua, polisi kutoka Lango, alishinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi mjini Munich kwa sekunde 47.82, akiweka rekodi ya dunia na kuipatia Uganda medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki. Mabondia walileta sifa kutoka mabara yote. Mwezi Machi 1978 timu ya taifa ya kandanda ilifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Accra, ikafungwa na Ghana mabao 2 kwa 0.

Lakini ni nani aliyelipa? Akii-Bua alipokelewa kwa shangwe na kupewa zawadi, huku kabila lake la Walango likiwindwa kwa kuwa Obote alitoka humo. Mwaka 1976 hakuweza kutetea taji lake huko Montreal, kwa kuwa Uganda ilijiunga na nchi za Afrika zilizosusia michezo hiyo kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini. Akiwa mbali, rekodi yake ilivunjwa na Edwin Moses wa Marekani. Utawala ulipoanguka mwaka 1979, alikimbilia Kenya na kisha Ujerumani, akarejea miaka kadhaa baadaye, akafariki mwaka 1997 akiwa na umri wa miaka 47.

Timu ya magongo nayo ina simulizi yake ya uchungu. Uganda ilishiriki mchezo huo katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, na wachezaji wake wengi walikuwa wa asili ya Asia. Wiki chache kabla ya mashindano, mwanzoni mwa Agosti, Amin alikuwa ametangaza kuwafukuza Waasia na kuwapa siku 90. Vijana hao walivaa rangi za Uganda mbele ya dunia huku wazazi wao nyumbani wakifunga mizigo. Baada ya hapo magongo na kriketi vilipoteza nguvu vilivyokuwa nayo, na Jinja, mji uliojaa maduka na familia za Waasia, ukabaki na milango iliyofungwa.

Mwishoni mwa mwaka 1978, baada ya majeshi yake kuivamia Kagera nchini Tanzania, Amin alitoa pendekezo lililoshangaza ulimwengu. Alitaka yeye na Rais Julius Nyerere wamalize ugomvi kwa ngumi ulingoni, na mwamuzi awe Muhammad Ali. Wengi walicheka. Lakini wananchi wa Kagera walikuwa wameshauawa, nyumba na mifugo yao imeporwa. Vita vilikuwa vimeanza, na ulingo ulikuwa umebaki kuwa mzaha wa mtu aliyejua kwamba huko ndiko alikowahi kushinda kwa haki.

Jinja baada ya bingwa

Mji uliomlea kimichezo haukusalimika. Katika mwaka 1971, miezi ya mwanzo ya utawala wake, askari wa Kiacholi na Kilango waliuawa kwa wingi katika kambi mbalimbali, na kambi ya Jinja ilikuwa mojawapo. Baadhi yao walikuwa wametumikia pamoja naye. Katika miaka iliyofuata, watu wa Jinja walizoea kusikia habari za maiti zilizotupwa katika Mto Nile na kukwama karibu na bwawa la Owen Falls, bwawa lile lile lililoupa mji umeme na ajira wakati yeye alipokuwa bingwa.

Lugha yetu nayo iliingia katika hesabu hiyo. Mwaka 1973 Amin aliitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Lakini Waganda wengi walikuwa wakiisikia kwenye vizuizi vya barabarani na katika vinywa vya watu waliogonga mlango usiku. Ndiyo sababu kwa miaka mingi Mswahili wa Jinja au Mbale alipozungumza lugha ya mama yake sokoni aliweza kutazamwa kama ndugu wa wanajeshi. Kiswahili cha wafanyabiashara, cha mahubiri na cha nyumbani kililipia makosa ya kambini. Imechukua muda mrefu kukitenganisha na kivuli hicho, na kazi hiyo bado haijakamilika.

Mwezi Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliichukua Kampala, na kabla ya mwezi huo kwisha Jinja nayo ilikuwa mikononi mwao. Amin aliishi uhamishoni Libya, kisha Saudi Arabia. Alifariki mjini Jeddah tarehe 16 Agosti 2003 na kuzikwa hukohuko, bila kusimama mbele ya mahakama yoyote.

Leo raga inachezwa Jinja na vijana wa Kiafrika wanaoingia uwanjani na klabuni bila kuomba ruhusa ya mtu. Ndondi ingali ikiwavuta vijana wa mitaa ya kazi. Huko Lira uwanja wa michezo umepewa jina la Akii-Bua.

Katika vitabu vya michezo, Idi Amin anabaki na mambo mawili yasiyopingika: ubingwa wa ndondi wa nchi moja kwa miaka 9 hivi, na nafasi katika safu ya mbele ya klabu ya Nile. Mengine yaliyoongezwa ni uvumi. Wakubwa wake waliyatazama mambo hayo mawili wakadhani wamepata ofisa. Watu wa Turkana walikuwa wa kwanza kujua gharama ya kosa hilo, na Waganda wakafuata.